Uzoefu wangu na Dungeon Master's Guide ya 2014: kubuni vifaa vya kichawi vyenye kasoro

Ninaongoza meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji huigiza mhusika wake, dadu huamua matokeo, na msimamizi huongoza hadithi. Kitabu ninachokifungua kuliko vyote ni Dungeon Master's Guide, yaani mwongozo wa msimamizi, ya toleo la tano, ile ya mwaka 2014. Wengi hukipendea orodha yake ndefu ya hazina. Mimi nitakizungumzia kwa jambo moja: kinavyomsaidia mtu kubuni vifaa vyake mwenyewe, hasa vyenye kasoro, kwa kuwa hivyo ndivyo wachezaji hawavisahau.

Utamu uko kwenye majedwali ya sifa za ziada. Unarusha dadu kujua nani alikiunda kifaa, kimepitia nini, na kina tabia gani. Jedwali la tabia ni la dadu ya pande 12. Kipo kifaa kinachopiga kelele kila kikitumika. Kipo kinachonung'unika, na anayetega sikio huenda akaokota la maana. Kingine humtia mwenyewe uvivu mpaka ahitaji saa 10 kumaliza mapumziko marefu, yale ya kurejesha nguvu. Ninachokipenda zaidi ni chenye njaa: uchawi wake haufanyi kazi kama hakijapakwa damu mbichi ya mtu, au kiumbe wa umbo la mtu, ndani ya saa 24 zilizopita. Wape wachezaji kisu cha namna hiyo uone. Watabishana damu itoke kwa nani kabla hata adui hajatokea.

Upande wa laana, kitabu kina vya kufundishia vizuri sana. Shoka la Berserker linaongeza 1 kwenye shambulio na madhara, na kiwango cha juu cha uhai wako kinapanda kwa pointi 1 kwa kila ngazi ambayo mhusika wako amefikia. Lakini adui akikuumiza, ukarusha dadu kuona kama hekima yako itakunusuru na ukashindwa kufikisha 15, unapandwa na kichaa na kumvamia aliye karibu nawe, hata kama ni rafiki. Ndiyo maana kundi zima linaanza kupanga nani asimame wapi. Hiyo ni kasoro hai. Linganisha na deraya inayokukinga dhidi ya aina moja ya pigo kati ya kukata, kudunga na kuponda, halafu inakufanya uumie maradufu kwa zile mbili nyingine. Kwa maoni yangu hiyo ni adhabu tupu. Mchezaji hana la kuamua zaidi ya kutafuta wa kumwondolea laana. Vifaa vya laana vimo kwenye mchezo huu tangu ulipotoka mwaka 1974, na sijawahi kuvutiwa na vile ambavyo kazi yake yote ni kumnasa mtu.

Kwa hiyo kila nikibuni changu, naifunga kasoro kwenye faida yenyewe. Mfano ni buti nilizowapa wachezaji wangu. Ukizivaa, hatua zako hazisikiki kabisa. Ila sauti haipotei, inajikusanya ndani ya soli, na siku ukizivua hatua zote hutoka kwa mpigo mmoja. Mhusika wao aliye mwizi alilala nazo, akavuka mto nazo, miguu ikaanza kuchubuka, na bado hakuthubutu kuzivua karibu na kambi. Mwishowe alipanda ukuta wa ngome, akazivua na kuzitupa upande wa pili. Walinzi wote wakakimbilia huko wakidhani jeshi limeingia. Mimi sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo, na furaha ya usiku ule ndiyo inayonifanya niendelee kubuni.

Kanuni nyingine inayonifaa ni ile ya kujifunganisha na kifaa: baadhi ya vifaa havitoi uchawi wake wote mpaka mhusika ajenge navyo uhusiano wa kichawi, na hawezi kujifunganisha na zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Kasoro ikiwa nzito, nakifanya kifaa kisihitaji hata moja kati ya nafasi hizo tatu, na ghafla kila mtu anakitaka. Vifaa vyenye akili na nia yao navyo vina sehemu yao, lakini hivyo vinataka msimamizi mwenye muda wa kuvipa sauti.

Nakipa nyota 4 kati ya 5. Ningependa kitabu kieleze kwa upana jinsi ya kupima uzito wa kasoro dhidi ya nguvu ya kifaa, maana msimamizi mgeni atapata majedwali mazuri lakini mizani ataitafuta mwenyewe mezani. Kama ndiyo unaanza, chukua jedwali la tabia, rusha mara moja kwa kila kifaa utakachotoa, na waache wachezaji waigundue tabia hiyo kwa kukitumia.