Kipima unyevu cha pini mbili: kizuri kwa mnunuzi wa nyumba kuukuu, mradi asiiamini sana namba

Anayeanza kununua nyumba za kukarabati na kupangisha huangalia rangi, vigae na milango. Kinachommalizia bajeti mara nyingi kimejificha nyuma ya plasta, nacho ni maji. Kipima unyevu cha pini mbili, kile cha kushika kiganjani chenye kioo kidogo na miiba miwili ya chuma, kinastahili kuingia kwenye mfuko wa vifaa kabla ya drili. Lakini wengi wanaokinunua hukitumia vibaya, kisha hulaumu kifaa.

Kinachofanya ni rahisi: hupitisha umeme mdogo sana kutoka pini moja hadi nyingine. Penye maji umeme hupita kwa urahisi na namba hupanda. Kwa hiyo hakipimi maji yenyewe, kinapima jinsi umeme unavyopita. Uzuri wake na udhaifu wake vyote vinatoka hapo.

Kwenye mbao kinafanya kazi vizuri sana, maana ndiko kilikotengenezewa. Choma pini kwa kufuata mistari ya mbao kwenye fremu za milango, kenchi na mbao za dari. Chini ya asilimia 20 hakuna haraka. Ikikaa juu ya 20 kwa muda mrefu, kuvu wanaoozesha mbao wana mazingira ya kuishi. Ikipita 30 hivi, jua tu kwamba imelowa. Tofauti kati ya 34 na 41 haina maana yoyote.

Ukutani mambo hubadilika. Asilimia inayoonekana kwenye plasta si asilimia ya maji ya plasta, kwa kuwa kipimo kimewekwa kwa ajili ya mbao. Ukisoma 25 ukutani ukaita fundi abomoe, umeruka hatua. Linganisha kwanza. Chukua ukuta wa ndani ulio mkavu bila shaka, wa plasta ya aina ileile, usome namba yake; hiyo ndiyo rula yako. Kisha panda ukuta unaoushuku: anza sentimita 10 juu ya sakafu, soma kila baada ya sentimita 20 hadi mita 1.5, sogea pembeni nusu mita, urudie. Andika kila namba kwa penseli palepale na upige picha.

Sasa acha namba mojamoja, tazama umbo. Zikiwa kubwa chini na kushuka taratibu hadi kukauka karibu na mita 1, shuku maji ya ardhini, au udongo wa nje uliorundikwa ukapita juu ya tabaka la kuzuia unyevu la msingi. Hilo la pili huponywa kwa jembe. Doa lenye kitovu, linalofifia pande zote, mara nyingi ni bomba. Zikiwa kubwa juu na kupungua chini, panda ukague paa na mifereji. Kona na nyuma ya kabati zikisoma juu huku ndani ya ukuta ni pakavu, huo ni mvuke wa jikoni na bafuni unaogeuka matone ya maji kwenye ukuta baridi: kazi ya feni na madirisha.

Ili kujua ndani ya ukuta, pini za kawaida hazitoshi, kwa sababu husoma pale tu zilipofika, milimita chache. Tafuta modeli inayokubali pini ndefu zilizofunikwa plastiki isipokuwa nchani; toboa matundu mawili, usome kila kina. Usitoboe wala kuchoma juu, chini au pembeni mwa soketi na swichi, maana nyaya hupita humo.

Kinadanganywa na nini? Chumvi kwanza. Ukuta uliolowa miaka mingi hubaki na chumvi hata baada ya kutibiwa, na chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo namba hubaki juu. Ukiona unga mweupe, usiamini kipimo peke yake. Chuma cha kona chini ya plasta na karatasi ya alumini nyuma ya gipsamu hufanya hivyohivyo. Mbao zilizotiwa dawa za madini pia husumbua.

Kabla ya kununua, angalia vitu vitatu: pini zinazobadilishika (zitapinda tu), kitufe cha kushikilia namba kwa ajili ya sehemu usizoweza kuona kioo, na kifuniko chenye sehemu ya kujaribia kama kifaa bado kinasoma sawasawa. Orodha ya aina arobaini za mbao kwenye menyu ni urembo.

Faida kubwa kwa mwenye kupangisha huja baadaye. Bomba likishazibwa, soma pointi zilezile kila wiki na usipake rangi hadi zifanane na ukuta mkavu. Kwa makadirio, tofali hukauka milimita 25 kwa mwezi, kwa hiyo ukuta mnene unahitaji miezi. Rangi ya mafuta ikipakwa mapema hufunga maji ndani, ikavimba na kubanduka. Mpangaji anapoingia na anapotoka, pima chini ya sinki, kuzunguka choo na kwenye ukuta wa bafu, kisha weka picha za namba pamoja na mkataba. Pini huacha vitundu viwili. Puti kidogo ya ncha ya kidole inatosha kuviziba.