TAHADHARI: Msinunue "kisafishaji" kinachojitokeza chenyewe kwenye kompyuta

Wadau, naandika haya kwa aibu kidogo, maana mimi ndiye ninayeitwa kila laptop ya mtu ikigoma. Safari hii nimepigwa mimi.

Kama kwenye kona ya chini kulia ya skrini yako kunachomoza kijidirisha chenye ngao nyekundu, kinasema una virusi vitano na ulinzi wako unaisha leo, usikibonyeze, usilipe, wala usipige namba iliyoandikwa hapo. Hicho kijidirisha hakijakagua chochote. Jina la muuzaji wa hicho kisafishaji cha virusi silitaji, na hata nikilitaja halitawasaidia: ndani ya wiki tatu nilizohangaika naye lilibadilika mara mbili. Programu ni ileile na rangi zilezile, imevishwa jina jipya tu. Mtambueni kwa mwenendo wake.

Ilianza hivi. Usiku, nina haraka, natafuta programu ya kuunganisha faili za PDF. Nikaandika kwenye Google, nikabonyeza tokeo la kwanza. Lilikuwa tangazo la kulipiwa, na limeandikwa hivyo kwa herufi ndogo juu yake, ila macho yangu yameshazoea kuziruka herufi hizo. Ukurasa wenyewe ulikuwa na vitufe vitatu vya kupakua, viwili vikubwa vya kijani na kimoja kidogo kimejificha chini. Nikabonyeza kikubwa.

Faili iliyoshuka haikufika hata megabaiti mbili. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Faili ndogo namna hiyo mara nyingi si programu uliyoomba, ni dalali. Ukiifungua inakwenda mtandaoni kukuletea ulichotaka, na njiani inabeba abiria wengine ambao hukuwaita, kwa sababu mwenye dalali hulipwa kwa kila programu inayofika na kukaa kwenye mashine ya mtu. Biashara yote iko hapo.

Madirisha ya usakinishaji yakaanza. La kwanza masharti, la pili folda ya kuhifadhia, yote mawili yana "Endelea" ya bluu kulia chini. La tatu lilikuwa na maandishi mengi na visanduku ambavyo tayari vimetiwa alama ya vema, na palepale pa "Endelea" sasa pamekaa "Kubali", bluu ileile, ukubwa uleule. "Kataa" ilikuwa kijivu juu ya kijivu. Ukiitazama utadhani ni kitufe kilichozimwa, kumbe kizima kabisa. Kidole changu hakikuhama. Nikabonyeza mara tatu nyingine vilevile, na kila mara nilikuwa nakubali kitu nisichokijua. PDF zangu ziliunganika vizuri tu, na ndiyo maana sikuwa na sababu ya kushuku.

Asubuhi kivinjari kilifungukia ukurasa mgeni. Kila nilipotafuta kitu, anwani nisiyoijua ilipita kwa sekunde hivi kisha nikatua kwenye injini nyingine ya utafutaji. Matangazo yakaanza kuota kwenye kurasa ambazo sijawahi kuona tangazo. Ukurasa mmoja uliojifungua wenyewe ulikuwa na picha ya roboti na agizo: bonyeza "Ruhusu" kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Nikabonyeza.

Huo mchezo wa roboti ueleweni, maana unawanasa hata watu makini. Maneno kuhusu roboti yameandikwa na tovuti. Kitufe cha "Ruhusu" kimeletwa na Chrome, na kinauliza jambo jingine kabisa: je, tovuti hii ikutumie arifa? Vikikaa karibu, akili inaviunganisha. Kuanzia hapo tovuti ile inaweza kukutumia ujumbe hata ukiwa umeifunga, na kwenye Windows ujumbe huo unatokea palepale zinapotokea arifa za mfumo wenyewe. Ndipo ngao nyekundu zilipoanza. Ukiitazama arifa hiyo kwa utulivu utaona siri yake: ina nembo inayofanana na ya antivairasi maarufu, ina maneno ya kutisha, halafu kwa maandishi hafifu kuna jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyoituma. Antivairasi iliyomo kwenye mashine yako haihitaji kupitia tovuti ya mtu kukwambia kitu. Mstari huo mmoja ungeniokoa, na sikuusoma kwa siku nne.

Sasa muuzaji. Nilibonyeza ngao, nikaletewa kisafishaji cha bure. Kikakagua mashine nzima kwa muda wa kuvuta pumzi chache, kikatoa makosa 1,312, mengi yamepakwa rangi nyekundu. Kukagua ni bure, kuondoa ni kwa ada ya mwaka. Nikalipa kwa kadi. Makosa yakashuka hadi sifuri. Kesho yake yakawa 417, na sasa ikatakiwa "ulinzi wa ziada".

Ndipo akili ikanirudi. Nilichukua laptop nyingine ya zamani, nikaifuta yote, nikaweka Windows mpya iliyopakuliwa kutoka Microsoft, bila programu nyingine wala faili yangu hata moja. Nikaweka kile kisafishaji. Makosa 386, kwenye mashine iliyozaliwa saa hiyo! Nilipoifungua orodha, nikakuta ni faili za muda ambazo Windows yenyewe huzitengeneza, vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari), na viingilio vya rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, visivyomdhuru mtu. Kilikuwa kinahesabu vumbi na kuliita ugonjwa.

Na msidhani haya ni ya vichochoroni tu. Mwaka 2019 Office Depot na Support.com za Marekani zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza shauri lililofunguliwa na FTC, tume inayolinda walaji kule. Ukaguzi wao wa kompyuta wa bure ulikuwa unaanza kwa kumwuliza mteja maswali manne, kama vile je, mashine imekuwa nzito, je, matangazo yanajitokeza ovyo. Ukitia vema kwenye swali hata moja, ripoti ilitoka ikisema kuna dalili za programu hasidi, mashine iwe nayo au isiwe nayo. Jibu lilikuwa limeshaandikwa kabla ya kukagua.

Namba ya simu niliipiga pia, kwa hasira. Aliyepokea alijiita fundi wa Windows, akanielekeza kufungua Event Viewer, akaniambia nihesabu alama nyekundu. "Kila moja ni shambulizi, kaka." Si kweli. Hiyo ni daftari ya mfumo, na kompyuta yoyote nzima ina alama za namna hiyo, kwa mfano huduma iliyochelewa kuwaka. Alipotaka nisakinishe programu ya yeye kuishika mashine yangu akiwa kwake, nikakata. Microsoft wenyewe wamekwisha kusema kwamba ujumbe wao wa hitilafu hauwi na namba ya simu. Ukiona namba, funga. Ikiwa ukurasa umejaa skrini nzima na hauna alama ya kufungia, shikilia Esc kwa muda, au bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, orodha ya programu zinazoendelea, ukifunge kivinjari kutoka huko.

Kusafisha kulinichukua jioni mbili kwa sababu nilianza vibaya. Nilikimbilia kuondoa kiendelezi kigeni, yaani kijiprogramu kilichopachikwa kwenye kivinjari, nikawasha upya, kikarudi. Kumbe hawa abiria wanalindana, mmoja akifukuzwa mwenzake anamwita. Basi kata intaneti kwanza. Kisha nenda kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa na uipange kwa tarehe. Mimi nilikuta vitu vinne vyenye tarehe ya usiku ule, kimojawapo kinajiita msaidizi wa hali ya hewa. Viondoe vyote, na soma kila dirisha la kuondoa, kwa kuwa hata hapo mmoja aliniuliza kama "nina uhakika sitaki kuendelea kulindwa", na kitufe kikubwa ndicho kilikuwa cha kubaki naye.

Ukitoka hapo, ingia kwenye Task Scheduler, ratiba ya kazi ambazo Windows huziendesha yenyewe. Watu wengi hawafiki huko, na ndiko wanakojificha. Nilikuta kazi mbili, moja inaamka kila nikiingia kwenye akaunti, nyingine kila saa, zote zinaita faili moja ndani ya AppData, folda ambamo programu huweka data zake. Nikafuta kazi, nikafuta na folda. Halafu bonyeza kulia njia ya mkato ya kivinjari, fungua sifa zake, tazama mstari unaoonyesha faili inayofunguliwa. Kwa kawaida unaishia na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu, si na anwani ya tovuti. Wangu ulikuwa na anwani ya tovuti imegandishwa mkiani, ndiyo maana ule ukurasa mgeni ulirudi hata baada ya kubadilisha mipangilio mara kumi. Angalia pia mipangilio ya proksi, yaani kompyuta ya kati ambayo intaneti yako hupitishiwa, isiwe imewashwa bila wewe kuiwasha.

Kwenye kivinjari chenyewe nilikuta ujumbe kwamba "kinasimamiwa na shirika lako", na kiendelezi ambacho kitufe chake cha kuondoa hakibonyezeki. Shirika gani, na mashine ni yangu mwenyewe? Wameiazima njia ambayo makampuni hutumia kufungia kompyuta za wafanyakazi wao, wakaandika sera, yaani amri zinazokilazimisha kivinjari, kwenye rejista. Ukiandika chrome://policy kwenye upau wa anwani utaziona. Kama kompyuta ni ya ofisini kweli, hizo usiziguse, mwone mtu wa IT.

Kwa kuziondoa nilitumia AdwCleaner, programu ya bure ambayo tangu 2016 iko chini ya Malwarebytes. Ipakueni kwenye tovuti ya Malwarebytes yenyewe na si kwingine. Ndani ya mipangilio yake kuna sehemu ya kufuta sera za Chrome na kurudisha proksi kawaida. Baada yake nikaendesha ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, antivairasi inayokuja na Windows, nikarejesha mipangilio ya awali ya Chrome, na mwisho nikaingia kwenye Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, Arifa, nikafuta tovuti zote nisizozitambua. Zilikuwa kumi na moja. Nikaweka pia tovuti zisiruhusiwe kabisa kuomba kutuma arifa, na mpaka leo sijakosa chochote. Nywila nilibadilisha kwa kutumia kifaa kingine, kuanzia ya barua pepe.

Wenye Mac msicheke. Kwenu hawa jamaa hupenda kuweka wasifu wa usanidi, yaani faili inayolazimisha mipangilio fulani, kwenye mipangilio ya mfumo, na usipoufuta huo, ukurasa wa kwanza haubadiliki hata ufanyeje. Na mtu yeyote, wa Mac au wa Windows, akiambiwa asasishe Flash Player, programu ya zamani ya kuchezesha video na michezo kwenye kivinjari, ajue ni uongo moja kwa moja: Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020.

Kuna watakaosema dawa ni kupakua kwenye tovuti kubwa tu. Inasaidia, ila haitoshi. Mwaka 2015 SourceForge, tovuti ya kupakulia programu ambayo wakati huo wengi waliiamini, ilikutwa imefunga kisakinishi cha Windows cha GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, pamoja na matangazo ya programu nyingine, huku waliotengeneza GIMP wakiwa wameshahama pale tangu 2013. Mwaka uliofuata wamiliki wapya wakausimamisha mpango huo. Mwaka huohuo wa 2015 laptop mpya za Lenovo zilikutwa na Superfish, imewekwa kabla mteja hajafungua boksi. Ilipenyeza matangazo hata kwenye kurasa zenye kufuli, kwa cheti chake cha usalama chenye ufunguo mmoja kwa mashine zote. Aliyeupata ufunguo huo angeweza kutengeneza benki ya uongo na kivinjari kikaiamini.

Viendelezi navyo huuzwa kama viwanja. The Great Suspender ilipendwa na watu zaidi ya milioni mbili, ikauzwa 2020, na Februari 2021 Google wakaizima kwa kuwa na programu hasidi. Watumiaji hawakufanya kosa lolote. Kwa hiyo mimi nimebaki na viendelezi viwili, na ninapotaka programu ninaandika anwani ya mwenyewe, kama videolan.org kwa VLC, kicheza video, badala ya kubonyeza tokeo la juu. Kwenye usakinishaji nachagua njia ya hiari (Custom), si ya haraka (Express). Na kwenye Windows Security nimehakikisha kuzuia programu zisizotakiwa kumewashwa, kote kuwili, kwenye programu na kwenye vipakuliwa.

Fedha: wiki ya tatu kadi ilikatwa tena, kwa jina la kampuni nisiyoijua. Nilirudi kwenye ukurasa wa malipo nikakuta kisanduku cha "ulinzi wa ziada" kimeshatiwa vema, chini kabisa, baada ya namba ya kadi. Benki wamenirudishia hiyo ya pili na kunibadilishia kadi. Ya kwanza wamesema niliidhinisha mwenyewe, na ni kweli. Kama umelipa, piga simu benki leo kabla ya mzunguko wa pili, na omba kadi ifungwe, maana kumwandikia muuzaji nilijaribu mara tatu bila jibu.

Jana ndiyo wameniandikia wao. Leseni yangu ya mwaka, wanasema, inakwisha baada ya saa 24.