Studebaker 2R5 ya mwaka 1949: pikapu iliyozidi uwezo wa kampuni yake

Watazamaji wapendwa, karibuni. Pikapu mnayoiona mbele ya kamera ni Studebaker 2R5 ya mwaka 1949, iliyotengenezwa mjini South Bend, jimbo la Indiana, Marekani, na mwenyewe ni mzee mmoja wa huku huku Indiana aliyeturuhusu tuizunguke, tuifungue na tuiendeshe. Ningeweza kuwaletea Chevrolet au Ford ya miaka hiyo, ambazo zimebaki kwa wingi zaidi na hazisumbui kuzipata. Nimeichagua hii kwa sababu bati lake, likitazamwa pamoja na lile la pikapu iliyokuja kuirithi mwaka 1960, linatusomea hesabu za fedha za kampuni nzima, tangu ilipokuwa na uwezo wa kuchora kitu kipya kabisa hadi ilipoanza kukata vipande vya magari yake madogo ili ipate kitu cha kuuza.

Tuanzie nje. Nikisimama hapa ubavuni mtaona kwamba chini ya mlango hakuna ule ubao wa kukanyagia ambao Chevrolet na Ford za wakati huo zilikuwa nao. Nafungua mlango, na sasa mnakiona: kidato cha chuma kimefichwa ndani, kwa hiyo mlango ukifungwa ubavu mzima unabaki laini, bila kitu kinachotokeza wala kurushiwa matope. Taa kubwa za mbele zimezamishwa ndani ya madigadi. Bodi ya nyuma ina kuta mbili, ya ndani na ya nje, ili mzigo ukigonga upande wa ndani ubonyezo usijitokeze nje. Hilo ni jambo ambalo mtu aliyewahi kubeba mawe au magogo kwa pikapu atalielewa bila kufafanuliwa. Na hapa mlango wa nyuma, jina la kampuni limebonyezwa kwenye bati lenyewe kwa herufi kubwa kutoka ukingo hadi ukingo.

Aliyeichora ni Robert Bourke, mbunifu wa ofisi ya Raymond Loewy, ofisi ambayo Studebaker iliipa mkataba wa kubuni magari yake. Huyu Bourke ndiye baadaye aliyeongoza kazi ya zile Studebaker za milango miwili za mwaka 1953, ambazo mpaka leo wapenzi wa magari huzihesabu miongoni mwa magari mazuri zaidi kuwahi kutoka Marekani. Jambo la kuzingatia ni kwamba pikapu hii haikuazima hata bati moja la nje kutoka kwenye magari madogo ya kampuni. Kila kipande kilitengenezewa kalibu yake, na kalibu za kufyatulia bati za gari ni miongoni mwa vitu vya gharama kubwa kuliko vyote katika kiwanda. Mwaka 1949 Studebaker iliweza kuzilipia. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Sasa boneti. Hufunguka kwa mbele na kunyanyuka juu sana, na kilicho chini yake ni injini ya silinda sita iliyonyooka, ya inchi za ujazo 169.6, yaani karibu lita 2.8, yenye nguvu za farasi 80. Valvu zake ziko ubavuni mwa silinda, si juu. Injini hii ilizaliwa mwaka 1939 ndani ya gari dogo la Studebaker lililoitwa Champion, ikiwa ndogo kidogo kuliko hivi, na sifa yake kuu tangu mwanzo ilikuwa kubana mafuta. Nguvu si sifa yake. Chevrolet ya mwaka huo huo ilitoa farasi 90, na Ford ukitaka ya silinda nane ulipata 100. Kwa hiyo mtu aliyenunua 2R5 alikuwa anajua anachokinunua: pikapu ya nusu tani inayokwenda kwa mwendo wa adabu na inayosimama kituo cha mafuta mara chache. Waliolalamika walijibiwa mwaka 1950, kampuni ilipoanza kuweka katika pikapu hiyo hiyo injini kubwa ya inchi za ujazo 245.6 yenye farasi 102, na toleo hilo likaitwa 2R6. Mkiniuliza, hiyo ndiyo injini ambayo bodi hii ilistahili tangu siku ya kwanza.

Ndani kuna kiti kimoja kirefu cha watu watatu, usukani mpana mwembamba, na gia tatu zinazobadilishwa kwa fimbo iliyo kwenye shingo ya usukani. Kwa kuwasha, tazameni mguu wangu. Funguo nimeshaigeuza, lakini gari halijawaka. Nakanyaga klachi mpaka mwisho kabisa, nagusa sakafu, na hapo ndipo stata inapozunguka, kwa sababu swichi yake iko chini ya pedali ya klachi. Ni busara iliyojificha katika kitu kidogo, kwani haiwezekani kuwasha gari likiwa limeshikwa na gia na likaruka mbele. Barabarani usukani ni mzito gari likisimama na huwa mwepesi likianza kutembea, breki za ngoma zinataka upangiwe nafasi mapema, na injini inanguruma kwa sauti ya chini isiyochosha. Hili la leo lina ovadraivu, kifaa kilichouzwa kwa malipo ya ziada, ambacho kwenye barabara kuu huipunguzia injini mizunguko. Bila hicho, nisingewashauri kwenda nayo safari ndefu.

Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa na umri wa miaka 97 pikapu hii ilipotoka. Mwaka 1852 ndugu wawili wahunzi, Henry na Clement Studebaker, walifungua karakana South Bend, wakitengeneza na kukarabati magari ya kukokotwa na farasi. Ndugu yao John Mohler alikuwa amefuata dhahabu California, lakini badala ya kuchimba alijikuta akiwatengenezea wachimbaji matoroli katika mji wa Placerville, mpaka wakampachika jina la Johnny wa Matoroli. Aliporudi mwaka 1858 alikuwa na dola 8,000, akazitia katika karakana na kuchukua hisa ya Henry, ambaye dini yake ilimfanya aone shida kutengeneza vyombo vya jeshi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja, jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya kaskazini, likawa mteja mkubwa, na baada ya vita walowezi waliohamia magharibi wakapokea zamu. Kufikia mwisho wa karne ya 19 Studebaker ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa magari ya farasi duniani. Mwaka 1902 ikaanza kuuza magari ya umeme, naam, ya umeme, kisha ya petroli mwaka 1904, na magari ya farasi ikayaacha baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika watengenezaji wengi wa magari ya farasi wa Marekani waliojaribu kuvuka kwenda kwenye injini, ni hii iliyovuka kwa mafanikio ya muda mrefu.

Anguko la kwanza lilikuja wakati wa Mdororo Mkuu. Rais wa kampuni, Albert Erskine, aliendelea kuwagawia wanahisa gawio nono huku mauzo yakiporomoka, mpaka akiba ikakauka na mwaka 1933 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama. Erskine alijiua Julai mwaka huo huo. Paul Hoffman na Harold Vance ndio walioifufua.

Vita vya Pili ndivyo vilivyoifanya Studebaker ijulikane kwa malori. Lori lake la US6, la tani mbili na nusu na, katika matoleo mengi, magurudumu yote yakisukumwa na injini, lilitengenezwa kwa idadi inayokaribia 200,000, na sehemu kubwa ilipelekwa Muungano wa Kisovieti kwa mpango wa Marekani wa kuwasaidia washirika wake. Huko Wasovieti waliyafunga mitambo ya kurushia makombora ya Katyusha mgongoni. Kwa hiyo chombo ambacho Wamarekani wengi hawakukiona kwa macho kilikuwa kinajulikana na kila askari wa upande wa mashariki, na jina la kampuni ya Indiana likaingia katika mazungumzo yao ya kila siku. Injini ya lori lile, ifahamike, ilikuwa ya kampuni ya Hercules. Studebaker hawakuwa na ya kwao yenye ukubwa wa kutosha.

Baada ya vita, kiwanda cha Chippewa Avenue, kilichokuwa cha injini za ndege za vita, kikageuzwa kuwa cha malori na pikapu, na humo ndimo mtoto huyu alimozaliwa. Fedha zilikuwepo, kwa kuwa Wamarekani walikuwa wamekaa miaka bila gari jipya na walinunua chochote chenye magurudumu. Kosa lilifanyika hapo hapo, wakati wa neema. Kampuni ililipa mishahara iliyozidi ya viwanda vikubwa vya magari vya Detroit ili kuepuka migomo, ikagawa gawio kwa wanahisa, na majengo yake, mengine ya ghorofa nyingi yaliyojengwa zamani, yakaachwa yalivyo. Ford na Chevrolet walipoanza kupigana kwa kushusha bei mwaka 1953, waliogongwa ni wadogo waliosimama kati yao. Mwaka 1954 Packard, kampuni nyingine ya magari ya Marekani, ikainunua Studebaker, na muungano huo ukawa wa wagonjwa wawili.

Sasa tazameni picha hii ya Studebaker Champ ya mwaka 1960. Sehemu ya mbele mnaitambua? Ni Lark, gari dogo la Studebaker yenyewe. Walichukua nusu ya mbele ya sedani, wakaikata nyuma ya milango ya mbele, wakaiziba kwa ukuta wa bati na kuiweka juu ya chesisi ya pikapu. Bodi ya mizigo ilikuwa ile ile ya 1949. Mwaka uliofuata walipata bodi ya kisasa yenye ubavu ulionyooka, lakini hawakuichora. Walinunua kalibu zilizokuwa za Dodge, na kwa kuwa bodi ya Dodge ilikuwa pana kuliko kabini ya Lark, pikapu ikatoka imevaa shati la kaka mkubwa. Ukisimama nyuma yake unaona wazi mabega ya bodi yanavyotokeza pande zote mbili za kabini.

Hata hivyo sitaidharau Champ. Ilikuwa pikapu ya kwanza ya Marekani kuwa na dirisha la nyuma la kusogeza, kitu ambacho leo kila kampuni inakiuza kana kwamba ni ubunifu wake, na kwa mtu aliyetaka kuketi kama yumo ndani ya gari dogo huku akibeba mizigo, ilikuwa starehe kuliko wapinzani wengi. Wahandisi wale hawakuwa wamepungukiwa na akili. Walipungukiwa na fedha. Malori makubwa zaidi ya kampuni hiyo yaliendelea kutumia kabini ya Bourke, kwa mabadiliko madogo ya kioo na uso, mpaka mwisho.

Na mwisho wenyewe ulikuwa Desemba 1963, kiwanda cha South Bend kilipofungwa. Utengenezaji wa magari madogo ulihamia Hamilton, Kanada, ambako ulikoma Machi 1966, lakini pikapu hazikuhamishwa. Mfuko wa pensheni ulikutwa hautoshi. Waliokwisha kustaafu na waliofikisha miaka 60 walilipwa kamili, wafanyakazi wapatao 4,000 wa umri wa kati wakapata takriban senti 15 kwa kila dola waliyostahili, na vijana chini ya miaka 40 hawakupata kitu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayolinda pensheni za wafanyakazi wa sekta binafsi ilisukumwa kwa kiasi kikubwa na mkasa huo.

Kwa anayefikiria kununua, nina haya ya kusema. Kile kidato cha ndani nilichokisifu ndicho adui wa kwanza, kwa sababu hukusanya vumbi na maji, kisha kutu hula sakafu na pembe za kabini kutoka ndani. Pigeni goti, mkague kwa tochi na bisibisi kabla ya kutazama rangi. Umeme wake ni wa volti 6, kwa hiyo msifunge taa wala redio ya volti 12 bila kubadilisha mfumo mzima. Spea za injini na breki zinapatikana Marekani kwa wauzaji waliobobea, lakini mabati ya nje ni adimu, hivyo gari lenye injini mbovu na bati zima ni ununuzi bora kuliko kinyume chake. Wanaoipenda Champ wajihadhari na injini ndogo ya silinda sita iliyotolewa kuanzia mwaka 1961, pale valvu zilipohamishiwa juu, maana vichwa vyake vinafahamika kwa kupasuka. Ya silinda nane ni salama zaidi.

Mimi ningechukua 2R6, yenye bodi hii hii, injini ya farasi 102 na ovadraivu. Yeyote atakayeipata aandikie kwanza Jumba la Makumbusho la Kitaifa la Studebaker, South Bend, akitoa namba ya gari, kwa kuwa wanahifadhi karatasi za kiwandani za magari mengi yaliyotengenezwa huko na huuza nakala. Karatasi hiyo huonyesha gari lilitoka na injini gani, rangi gani na vifaa gani vya ziada, nayo ilinganishwe na kilichosimama uani kwa muuzaji kabla ya fedha kutoka mfukoni.