Ofisi ya ushauri wa madeni, kwa wenye kuomba kibali cha usalama Marekani: nyota 4

Jamani wabongo na wakenya mlioko Marekani mnaotaka kazi za jeshi au za kandarasi za serikali zinazotaka kibali cha usalama (ruhusa ya kushika siri za serikali), hii ofisi ya ushauri wa madeni isiyo ya faida imenisaidia kweli. Nilikuwa na bili ya hospitali ya mtoto na kadi mbili za mkopo zimelala. Dada aliyenihudumia alitoa ripoti zangu za mikopo toka zile kampuni tatu zinazoweka rekodi za madeni, Equifax, Experian na TransUnion, akazipanga mezani, deni moja lilikuwa limeandikwa mara mbili, akaniandikia barua ya kulipinga palepale.

Kilichonifurahisha ni kwamba fomu ya SF-86, ile ya kuombea kibali, anaijua, sehemu ya 26 inauliza madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120, hata yale ya ndani ya miaka 7 iliyopita, sasa wengi wetu tunadhani deni likishafutwa vitabuni na benki basi limeisha, wapi! Wapelelezi wanaliona. Ila kudaiwa tu si lazima unyimwe, wanaangalia kama ulipoteza kazi au uliugua, na kama umeanza kulipa kwa nia njema, risiti unazo. Kuficha ndo kunakomaliza kabisa, maana hapo washakuona muongo.

Nyota moja nimekata, simu hawapokei na foleni Jumatatu ni balaa. Kikao cha kwanza bure, mpango wa malipo una ada ndogo kila mwezi.