TAHADHARI: Glavu za "joto na haziingizi maji" kwa waosha madirisha, zinalowa mara tu unapoanza kazi

Wenzangu mnaoosha madirisha msimu wa baridi, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anasambaza tangazo la glavu nyeusi, zenye viganja vya mpira wa kunata na bitana ya manyoya ndani, anadai zina joto na haziingizi maji asilimia mia. Zinaingiza. Nimezifanyia kazi, nimezikata kwa mkasi nikaangalia ndani, na nimebishana naye mpaka akanifungia mawasiliano. Jina la ukurasa wake halitawasaidia kitu, maana hulibadilisha malalamiko yakizidi. Kisichobadilika ni mbinu zake, na hizo ndizo nataka mzijue.

Kwanza, ile video. Mkono umevaa glavu, glasi ya maji inamiminwa juu yake, maji yanaviringika kama shanga na kudondoka, kitambaa kinabaki kikavu. Video yenyewe ni ya kweli, ndiyo maana inanasa watu. Kitambaa chochote kilichotiwa dawa ya kufukuza maji hufanya hivyo kwa maji safi, kwa muda mfupi, mgongoni mwa mkono. Lakini ndoo yetu ina sabuni, na sabuni huvunja ule mvutano unaoyafanya maji yakae matone matone. Maji yakishalegea, yanapenya kwenye kitambaa kilekile kilichoonekana hakilowi. Isitoshe, kazi yetu si kumiminiwa maji mgongoni mwa mkono. Tunazamisha mkono ndooni, tunakamua kitambaa cha kusugulia kwa nguvu, na kila tunapokamua tunayasukuma maji kwenye mishono ya vidole. Muuzaji mwenye bidhaa ya kweli hatashindwa kurudia video hiyo kwa maji ya sabuni, huku akikunja ngumi na kukunjua. Huyu nilimtaka afanye hivyo baada ya zangu kulowa. Alikataa katakata.

Nilizipasua kuanzia mdomoni hadi ncha ya kidole cha shahada. Nilikuta kitambaa cha nje, sponji nyembamba, na manyoya. Hakuna utando wa kuzuia maji hata kipande. Tangazo linasema ni neoprini, aina ya mpira wa kutengenezwa, na neoprini ya kweli ina vipovu vilivyofungwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo haifyonzi maji. Ile sponji niliibana kati ya vidole viwili ikachuruzika. Mishono nayo imetobolewa na sindano kutoka nje hadi ndani, bila gundi, bila utepe wa kuziba. Ukiuinua mshono kwenye mwanga unaona matundu yamejipanga. Glavu ya neoprini iliyotengenezwa kwa ajili ya maji hugundishwa kwanza, kisha hushonwa kwa namna ambayo sindano haitokezi upande wa pili.

Halafu kuna lebo, na hapa naomba mkae nami kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapodanganywa. Ndani ya mdomo wa glavu hizi kuna alama ya CE (ya kudai kwamba bidhaa inakidhi kanuni za Ulaya) na kialama cha chembe ya theluji kimeandikwa EN 511. Hicho ni kiwango halisi cha Ulaya cha glavu za kukinga baridi. Ila kialama peke yake hakisemi kitu. Chini yake lazima kuwe na herufi au tarakimu tatu. Ya kwanza ni baridi ya hewa, ya pili ni baridi ya kugusa kitu chenyewe, na zote mbili huanzia 0 hadi 4. Ya tatu ndiyo ya maji: 0 maana yake maji yalipenya kwenye jaribio, 1 hayakupenya. Ukiona X, kipengele hicho hakikupimwa. Glavu za huyu bwana hazina tarakimu hata moja. Hazina jina wala anwani ya mtengenezaji, wala karatasi ya maelezo, na vyote hivyo kanuni ya Ulaya ya vifaa vya kujikinga, namba 2016/425, inavidai. Nilipomuuliza tarakimu ni zipi, alinijibu kwamba ni "daraja la juu kabisa". Hakuna daraja la namna hiyo.

Nimekasirika si kwa sababu ya hela tu. Maji huchukua joto la mwili haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Mkono uliolowa ndani ya glavu nzito unaumia hata kabla baridi haijafika nyuzi sifuri, na ukikaa hivyo saa nyingi mishipa ya fahamu inaweza kudhurika bila barafu yoyote kuonekana. Kwanza vidole vinauma, kisha maumivu yanakoma, na mtu anadhani mwili umezoea kumbe vimekufa ganzi. Vidole vilivyokufa ganzi havijui kama vimeshika ngazi au havijashika. Wale wanaotia spiriti kwenye ndoo ili maji yasigande kiooni wako hatarini zaidi, kwa kuwa spiriti ikivukiza inaongeza baridi na kuikausha ngozi. Anayemuuzia mtu wa ngazini glavu za uongo anacheza na maisha yake.

Sasa angalieni mtego wa kurudisha mzigo. Sharti lake ni kwamba glavu zirudi "hazijatumika", na kulowa kwake ni kutumika. Yaani huwezi kugundua kasoro bila kupoteza haki ya kurudishiwa hela. Kuna njia ya kumkwepa: zipime zikiwa kavu. Shika mdomo wa glavu, ukunje mara kadhaa ili hewa inaswe ndani, kisha bana kiganja na usogeze vidole vya glavu karibu na midomo au shavu lako. Isiyopitisha maji itatuna na kukaa. Hizi zilipumua kwenye mishono yote, na mshono kati ya kidole gumba na cha shahada ulitoa hewa mpaka nikaisikia. Rekodi jaribio hilo kwa simu, na pakiti ionekane.

Mbinu nyingine ni ya malipo. Ukionyesha nia anakwambia utoke kwenye mfumo wa malipo wa soko la mtandaoni, umtumie moja kwa moja, atakupunguzia. Ukikubali, ulinzi wote wa mnunuzi umebaki nyuma. Usikubali, hata akikupunguzia nusu.

Kwa anayetafuta za kweli: kuna wanaopenda neoprini yenye mishono iliyogundishwa, ya aina wanayovaa wapiga mbizi na wavuvi, na ni nzuri kwa kushikia vitu vidogo. Mimi naona mpango bora ni glavu ndefu ya nitrili (mpira wa kutengenezwa usiopitisha maji) isiyo na mshono, saizi moja juu ya yako, na ndani yake glavu nyembamba ya sufu unayoweza kuitoa na kuibadilisha ikilowa jasho. Sufu hubakiza joto hata ikiwa na unyevu, pamba hapana. Zisikubane, maana glavu inayobana inapunguza damu vidoleni na kufukuza hewa inayotunza joto. Na mdomo uwe mrefu, upite kifundo cha mkono, wenye kukazwa: ukiinua mpira wa kufutia juu ya kichwa, maji yanateremka mkononi kuelekea kwapani, na hata glavu yenye 1 kwenye tarakimu ya tatu haitakusaidia kama maji yameingilia mlangoni.

Kama umeshanunua kwake na hujazivaa, usikate lebo wala usitupe pakiti. Fanya jaribio la hewa leo, piga picha ya lebo isiyo na tarakimu, hifadhi tangazo lake kabla hajalifuta, na fungua malalamiko kwenye soko ulikolipia au kwa benki yako kwa sababu kwamba bidhaa haifanani na maelezo. Hoja ya lebo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, itangulizeni.