Filamu fupi za vijana Dodoma: muvi kali, garden baridi, bebeni sweta

Wakuu, Jumamosi nilienda kwenye ule usiku wa filamu fupi, kigarden kimoja huku Area D, jina naliacha. Kiingilio buku tano na soda juu. Tangazo linasema saa kumi na mbili na nusu, projekta imekuja kuwaka saa mbili kasoro, na upepo wa Dodoma mwezi wa saba mnaujua, lile shuka walilotundika lilikuwa linapepea mpaka sura za watu zinavimba na kusinyaa.

Ila muvi zenyewe aisee. Zote wamepiga vijana kuhusu kwao, hakuna inayozidi dakika kumi. Iliyonimaliza ni ya dogo wa upande wa Chamwino, kamrekodi babu yake anatengeneza marimba ya Kigogo, kile kisanduku chenye vyuma vya kupiga kwa dole gumba. Mzee yuko kwenye kigoda anaponda misumari iwe bapa, anaijaribu mmoja mmoja kwa dole gumba, halafu anazunguka nyuma ya nyumba kutafuta utando wa buibui, ule mweupe unaofunika mayai, anakuja kuubandika kwenye tundu la kisanduku. Mi nimezaliwa hapa hapa, ule mlio wa zzz nimeusikia miaka yote nikidhani marimba imechoka, kumbe ndo kazi ya buibui! Dogo anauliza nyuma ya kamera, "babu, ukimkosa buibui je?" Mzee hajibu, analamba kidole anaendelea kubandika. Mwingine hapo angepachika muziki wa huzuni, dogo kaacha kimya, unasikia kuku tu.

Ya vijana wa Chemba na bibi anayepiga stori kwa Kisandawe nayo kali, ulimi unavyogonga kinywani raha kusikiliza hata kama hujui neno. Sasa sabtaito wameweka Kiingereza tupu, Dodoma hii, sijui walimlenga nani. Mama niliyekaa naye kila saa "mwanangu, anasemaje?", nikawa mkalimani wa bure, na Kiingereza changu chenyewe cha kuungaunga. Kuna nyingine ni droni mwanzo mwisho juu ya mashamba ya zabibu na sauti inahubiri utamaduni, hiyo nendeni mkanunue mishkaki.

Mwishoni wakaweka tatu za Kanada, za vijana wa jamii za asili wa Quebec, zimetoka mradi unaitwa Wapikoni Mobile. MC hapa alijitahidi: tangu 2004 wana gari kubwa kama nyumba lililogeuzwa studio, linaingia mpaka kwenye makazi yao, vijana wanafundishwa kamera na kuhariri na filamu inakamilika huko huko. Jina ni la binti wa Kiatikamekw, moja ya hizo jamii za asili, Wapikoni Awashish, alikuwa anaandika filamu na Manon Barbeau, mwanzilishi wa huo mradi, binti akafariki 2002 gari lake lilipogongana na lori la magogo. Garden ilitulia kidogo. Kwenye muvi zao unakuta bibi anaongea lugha yake, mjukuu anajibu Kifaransa, nikacheka peke yangu maana kwetu Kigogo kinauliza, Kiswahili kinajibu.

Filamu nawapa nane kwa kumi, garden nne, na hiyo nne ni kwa vile soda ilikuwa ya baridi. Wakirudia naenda, ila naingia saa mbili. Na anayemjua yule mzee wa marimba aniambie anauzaje, pale getini niliuliza wote wananitolea macho tu.