Healthchecks.io: huduma inayotoa taarifa pale kifaa kinaponyamaza

Anayeweka seva ndogo (kompyuta inayowashwa muda wote kuhifadhi mafaili) nyumbani hapa Mtwara, iwe ya picha za familia au ya rekodi za kamera za ulinzi, hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine: umeme ukikatika usiku naye yuko safarini, nani atamjulisha? Programu ya ufuatiliaji iliyowekwa ndani ya nyumba ileile inayoilinda huzimika pamoja na nyumba, na tahadhari haitumwi. Healthchecks.io, iliyoanzishwa Latvia mwaka 2015, haiendi kukiuliza kifaa hali yake, bali hungoja salamu, yaani ishara fupi ya kupitia intaneti, kutoka kwa kifaa chenyewe, na salamu isipofika kwa wakati, humtafuta mwenyewe kwa barua pepe, Telegram au ujumbe wa simu.

Kila kifaa hupewa anwani yake ya intaneti ya kuiita, kisha mtumiaji hupanga muda wa kati ya salamu na salamu, pamoja na muda wa kuvumilia ucheleweshaji. Huo muda wa pili ndio ulionifanya niipende huduma hii, kwa sababu mtandao wa simu ukiyumba dakika mbili tatu, jambo ambalo wakazi wa Shangani na Mikindani wanalifahamu vyema, hakuna haja ya kumwamsha mtu. Mimi huruhusu dakika 10 kwa ruta na saa nzima kwa kazi ya usiku ya kunakili mafaili.

Katika kazi hiyo ya kunakili, amri ya kutuma salamu huwekwa baada ya amri ya kunakili, kwa sharti kwamba kunakili kuwe kumefaulu. Diski ikijaa, salamu haitoki, na asubuhi taarifa inakuwa imeshaingia kwenye simu. Nakala ya akiba iliyokufa kimyakimya ni hatari kuliko kutokuwa nayo kabisa, kwa kuwa mwenyewe anaitegemea.

Faida kubwa zaidi nimeiona kwenye friza la samaki la familia. Kipimajoto kilichounganishwa na kompyuta ndogo hutuma salamu kila baada ya dakika 5, na joto likipanda juu ya nyuzi 12 chini ya sifuri, hutuma salamu ya hitilafu, ambayo huduma huitolea taarifa papo hapo bila kungoja muda wa uvumilivu. Changu na kolekole waliokusudiwa kuuzwa hawasubiri mtu amalize usingizi.

Upungufu wake ni kwamba haielezi sababu. Nyaya za baharini za intaneti zilipoharibika Mei 2024 na mtandao kudhoofika nchini kote, seva iliyo nzima kabisa ingeweza kuonekana imekufa. Aidha, kurasa zake ni za Kiingereza, na mtu asiyezoea kuandika amri atahitaji fundi wa kumwanzishia.

Mpango wa bure unaruhusu vifaa au kazi 20, kiasi kinachotosha nyumba na duka kwa pamoja. Programu yenyewe ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia, hivyo mwenye uwezo anaweza kuiendesha kwenye seva yake, ila seva hiyo iwe nje ya nyumba, ikiwezekana nje ya mkoa. Taarifa nazo zipelekwe kwenye kundi la Telegram alimo pia ndugu anayeishi karibu na friza na mwenye ufunguo wake, kwani aliye Dar es Salaam hana la kufanya isipokuwa kupiga simu.